Kuinuka Baada ya Kushindwa: Yohana Marko na Faraja ya Ndugu

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husikika mara nyingi katika michezo na wakati wa uchaguzi, lakini ni mara chache inasikika katika mikutano ya wachungaji. Sisi tulio katika utumishi wa Kanisa huzungumza kwa urahisi juu ya mafanikio: idadi ya waliobatizwa, kanisa lililoezekwa, kwaya iliyoshinda, sadaka iliyoongezeka. Taarifa zetu za mwaka zina nafasi ya kutosha kwa mambo hayo. Lakini habari za mtaa uliopungua hadi ukabaki na wazee wachache, au za mwinjilisti aliyeacha kazi bila kuaga, husemwa kwa sauti ya chini nje ya kikao, tena kwa kawaida husemwa juu ya mtu ambaye hayupo.

Hata hivyo kushindwa kupo. Anayefundisha katika chuo cha theolojia anamjua mwanafunzi aliyeanguka katika mtihani wa Kiyunani, na ambaye tangu siku hiyo hakufungua tena kinywa darasani. Mkuu wa jimbo anamjua mchungaji aliyehamishwa baada ya ugomvi na baraza la wazee, akapokelewa kwa nyimbo katika usharika mpya, lakini moyo wake ukabaki kule alikotoka. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mchungaji wa namna hii hufanya kazi zote zinazoandikwa katika kalenda ya Kanisa, lakini hathubutu tena kuanzisha jambo lolote.

Makala hii inakusudia kujibu swali moja: mtumishi wa Mungu aliyeshindwa huinukaje? Siku hizi yako mafundisho mengi yanayomwambia mtu kwamba nguvu za kuinuka zimo ndani yake mwenyewe, na kwamba kazi yake ni kuziamsha. Tunaona kwamba jibu la Maandiko Matakatifu na la Maungamo yetu ni tofauti. Aliyeanguka hainuki mwenyewe, bali huinuliwa. Na Mungu amwinuaye hutumia kwa kawaida kinywa na mkono wa ndugu. Ili kulieleza jambo hili tutaangalia kwanza namna za kushindwa, kisha habari za Yohana Marko katika Agano Jipya, kisha mafundisho na maisha ya Martin Luther, na mwisho mambo yanayotupasa kutenda katika vyuo na sharika zetu.

2. Namna tatu za kushindwa

Kabla ya kumfariji mtu hatuna budi kujua amepatwa na nini. Neno letu "kushindwa" hufunika mambo matatu yasiyofanana.

Namna ya kwanza ni kazi isiyoonyesha matunda ingawa mtumishi hakukosea. Mfano ulio karibu nasi ni wa Johann Ludwig Krapf, aliyekulia katika Kanisa la Kilutheri la Württemberg na kutumwa na chama cha misioni cha Kianglikana. Alifukuzwa Tigray mwaka 1838, na kazi yake ya Shoa nayo ikakoma mwaka 1842. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mnamo Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwenzake Johannes Rebmann alimfikia mwaka 1846, wakajenga kituo cha Rabai. Krapf aliondoka mwaka 1853 akiwa na afya mbaya. Rebmann alibaki hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Mtu anayehesabu waliobatizwa tu katika miaka ile angesema kwamba wote wawili walishindwa. Lakini kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na sisi tunaoandika leo theolojia kwa lugha hii tunakula katika shamba lililolimwa naye. Mtumishi wa namna hii hahitaji kuhimizwa atubu kwa ajili ya uchache wa matunda. Anahitaji kukumbushwa kwamba mmoja hupanda, mwingine hutia maji, bali akuzaye ni Mungu (1 Kor. 3:6).

Namna ya pili ni udhaifu. Mtu alipewa mzigo, akaubeba kwa muda, ukamshinda. Aliogopa, au alichoka, au hakuwa ameandaliwa. Eliya alikimbia jangwani akaomba afe, na Mungu hakumkaripia kwanza, alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili (1 Fal. 19:4-8). Mahubiri mengi juu ya sura ile hukimbilia sauti ndogo ya Horebu na kuuruka mkate. Tusiuruke. Yako majonzi ya watumishi ambayo dawa yake ya kwanza ni kulala, kula, na kuonana na mganga wa hospitali.

Namna ya tatu ni dhambi: Daudi na mke wa Uria, Petro katika ua wa kuhani mkuu. Hapa neno la faraja likitangulia toba huwa sumu.

Mwanafunzi wa Luther atatambua kwamba jambo hili ni lile tunaloliita kutofautisha Sheria na Injili. Ukimpa Sheria mtu aliyechoka, utamvunja. Ukimpa Injili mtu anayeificha dhambi yake, utamlaza usingizi. Makosa mengi ya vikao vyetu hutokana na kuchanganya namna hizi tatu: mwinjilisti aliyeshindwa kwa udhaifu anahojiwa kama mwizi, na pengine mwizi anafarijiwa kama mgonjwa.

3. Yohana Marko: aliyerejea Yerusalemu

3.1 Perge katika Pamfilia

Yohana aliyeitwa Marko alikuwa mwana wa Mariamu, ambaye nyumba yake katika Yerusalemu ilikuwa mahali pa maombi ya Kanisa (Mdo. 12:12). Barnaba na Sauli walimchukua kutoka Yerusalemu (Mdo. 12:25), na safari ya kwanza ya misioni ilipoanza alikuwa pamoja nao kama mtumishi wao (Mdo. 13:5). Walipita katika kisiwa cha Kipro, kutoka Salami hadi Pafo. Kisha walivuka bahari hadi Perge katika Pamfilia, na hapo Luka anaandika kwa sentensi moja fupi kwamba Yohana aliwaacha, akarejea Yerusalemu (Mdo. 13:13).

Kwa nini? Wafafanuzi wamependekeza mengi: njia ya milimani iliyokuwa mbele yao, ugonjwa, uchungu wa kuona kwamba binamu yake Barnaba, aliyetajwa kwanza wakati wa kutumwa, sasa anatajwa baada ya Paulo, au wasiwasi juu ya kuwapokea watu wa Mataifa. Hakuna hata moja lililo katika maandishi ya Luka. Tunaona fundisho katika ukimya huo. Luka anaieleza aibu kwa kadiri inavyohitajika ili habari ieleweke, kisha anaendelea na safari. Laiti na sisi tungeandika kumbukumbu za mikutano yetu kwa kiasi kama hicho.

3.2 Ugomvi wa Antiokia

Ilipofika wakati wa safari ya pili, Barnaba alitaka kumchukua Marko tena. Paulo alikataa (Mdo. 15:36-40). Yafaa kuyaangalia maneno ya Kiyunani. Katika sura ya 13 Luka anasema "apochōrēsas", yaani aliyeondoka. Katika sura ya 15, anapoeleza mtazamo wa Paulo, anatumia "apostanta", neno lenye asili moja na lile linalotaja uasi wa imani. Tukio ni lilelile, lakini jina lake limebadilika: aliyeondoka sasa anaitwa aliyeasi. Ndivyo inavyotokea hata leo. Kosa la mtumishi likikaa miaka kadhaa bila kuzungumzwa halipungui. Hupata jina kubwa zaidi.

Ugomvi ulikuwa mkali. Luka anauita "paroxysmos", na hajaribu kuuficha. Paulo alimchukua Sila akapita Shamu na Kilikia. Barnaba alimchukua Marko akaenda Kipro.

Je, nani alikuwa na haki? Hatudhani kwamba Paulo alikosea kuuliza swali lake. Safari ya misioni ilikuwa na mawe na magereza, na aliyeachwa mara moja na mwenzake ana sababu ya kuogopa kuachwa mara ya pili. Huruma isiyouliza kitu inaweza kuwaumiza wengine. Lakini Paulo alikuwa na deni alilolisahau. Wakati yeye mwenyewe alipofika Yerusalemu na wanafunzi wote wakamwogopa, aliyemshika na kumpeleka kwa mitume alikuwa Barnaba (Mdo. 9:26-27). Alipokaa Tarso, aliyekwenda kumtafuta alikuwa Barnaba (Mdo. 11:25). Mkono uliomtoa Paulo katika kushukiwa ndio uliokuwa sasa umemshika Marko. Wala Barnaba hakuwa mtu asiye na kosa: kule Antiokia naye alichukuliwa na unafiki wa wengine (Gal. 2:13). Pengine ndiyo maana aliweza kumvumilia aliyerudi nyuma.

3.3 Kwa nini Kipro?

Jambo moja katika habari hii halitajwi mara nyingi. Barnaba alimpeleka Marko Kipro. Kipro ilikuwa nyumbani kwa Barnaba (Mdo. 4:36), tena ilikuwa sehemu ya safari ya kwanza ambayo Marko aliimaliza. Hakuanguka Salami wala Pafo, alianguka Perge. Basi Barnaba hakumrudisha mara moja mahali pa kushindwa ili ajithibitishe mbele ya watu. Alimrudisha mahali alipokuwa amesimama bado, akaanza naye kutoka hapo.

Luka hasemi kwamba Barnaba alikusudia hivyo, wala sisi hatudai kuujua moyo wake. Lakini kila mwalimu anajua hekima ya jambo hili. Mwanafunzi aliyeshindwa na sarufi hurudishwa kwenye somo la mwisho alilolielewa. Mtoto aliyeanguka kutoka tawi la juu hapandishwi tena juu ya tawi lile siku hiyohiyo.

3.4 Mkaribisheni

Baada ya hapo Matendo ya Mitume hayamtaji Marko tena. Miaka ya Kipro imepita bila taarifa. Lakini katika Waraka kwa Filemoni, ambao karibu wataalamu wote wanakubali kwamba ni wa Paulo mwenyewe, Marko yumo katika orodha ya watenda kazi pamoja naye (Flm. 24). Kama waraka huo uliandikwa Rumi, imepita miaka kumi na zaidi tangu Perge. Katika Wakolosai, kanisa linaagizwa kwamba Marko akifika kwao wampokee (Kol. 4:10). Agizo hilo huenda linaonyesha kwamba habari za zamani zilikuwa bado zinamtangulia, na anayezizima ni yule aliyewahi kumkataa. Na katika 2 Timotheo, waraka ambao wataalamu hawakubaliani juu ya mwandishi wake, Kanisa la kwanza lilihifadhi agizo la mtume aliye kifungoni kwamba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2 Tim. 4:11).

Mapokeo ya Kanisa yanaongeza jambo moja. Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya pili, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio, alisema kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro na kwamba aliyaandika mambo aliyoyasikia kwake. Waraka wa kwanza wa Petro nao unamwita Marko mwana (1 Pet. 5:13). Tukiyapokea mapokeo hayo, Injili ya pili ilitokana na watu wawili ambao wote walishindwa: mmoja alikana, mwingine alirudi nyuma. Nayo ni Injili isiyowaficha wanafunzi. Inasema wote walimwacha Bwana wakakimbia (Mk. 14:50), na inamtaja kijana aliyekimbia uchi akiacha nguo yake mikononi mwa askari (Mk. 14:51-52). Kwamba kijana yule alikuwa Marko mwenyewe ni dhana tu, nasi hatujengi juu yake. Lakini ni Marko peke yake anayeandika kwamba malaika kaburini aliwaagiza wanawake wawaambie wanafunzi, na Petro (Mk. 16:7). Maneno hayo mawili, "na Petro", ni habari njema yote kwa mtu aliyekana. Jina lake bado limo katika orodha.

4. Saburi si ugumu wa moyo

Agano Jipya lina neno lake kwa hali ya mtu anayedumu chini ya mzigo: "hypomonē", ambalo Biblia yetu inalitafsiri kuwa saburi. Asili yake ni kubaki chini. Paulo anafundisha kwamba dhiki huleta saburi, na saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti huleta tumaini, lakini mnyororo huo unaning'inia katika upendo wa Mungu uliomiminwa mioyoni mwetu kwa Roho Mtakatifu (Rum. 5:3-5). Saburi basi si ugumu wa mtu asiyehisi kitu. Ni kubaki kwa mtu aliyeshikwa.

Hata uchunguzi wa wanasayansi unagusa jambo hili kwa njia yake. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya watoto waliokulia katika shida nyingi kwa pamoja, kama umaskini na ugomvi wa nyumbani, karibu theluthi moja walikua kuwa watu wazima wenye uwezo na upendo. Moja ya mambo yaliyowatofautisha ni kwamba walikuwa na angalau mtu mmoja imara aliyewajali: bibi, mjomba, mwalimu, au kiongozi wa kanisa. Sayansi haiwezi kuthibitisha Injili, nasi hatuitaki ifanye hivyo. Lakini yafaa mchungaji ajue kwamba mtu mmoja anayebaki karibu si jambo dogo.

5. Luther na faraja ya ndugu

Tukimfikiria Luther, tunamwona mara nyingi akiwa Worms mwaka 1521, amesimama mbele ya Kaisari. Yafaa tumwone pia katika mwaka 1527. Mnamo Julai mwaka huo aliugua ghafula, akadhani anakufa. Lakini maumivu ya mwili yalikuwa madogo kuliko yale ya rohoni. Aliita hali hiyo "Anfechtung", yaani shambulio ambalo mtu huona kama Mungu mwenyewe amemgeuka. Alimwita Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, akaungama kwake. Mwezi uliofuata tauni iliingia mjini. Chuo kikuu kilihamishwa, lakini Luther na Bugenhagen walibaki, na nyumba ya Luther ikawa mahali pa wagonjwa. Katika Desemba alizaliwa binti yake Elisabeth, naye akafa Agosti 1528.

Luther aliyekuwa ameufundisha ulimwengu kwamba mwenye haki huishi kwa imani alihitaji kuambiwa jambo lilelile na mwingine. Alilijua vema kabisa, lakini katika shambulio lile hakuweza kujiambia. Jambo hili ni la msingi kwetu sisi wahubiri. Neno la msamaha tunalolitangaza kila Jumapili halina budi kutujia sisi pia kutoka nje, kwa kinywa kisicho chetu. Mtu hawezi kujibatiza, na kwa sababu iyo hiyo hawezi kujifariji.

Miaka kumi baadaye, katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, Luther aliorodhesha njia ambazo Injili hutusaidia dhidi ya dhambi. Alitaja Neno linalohubiriwa, Ubatizo, Sakramenti ya Altare na mamlaka ya funguo. Kisha akaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Wanafunzi wetu huyakumbuka manne ya kwanza katika mtihani, na mara nyingi husahau la tano. Lakini Luther aliliweka katika orodha moja na mengine. Mazungumzo ya watumishi wawili chini ya mti, mmoja akimwambia mwenzake kwa jina la Kristo kwamba hajatupwa, ni njia ambayo Injili yenyewe hutufikia.

Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inatoa upande wa pili. Inafundisha kwamba maana ya Ubatizo wa maji ni kuzamishwa kila siku kwa utu wa kale kwa majuto na toba, na kufufuka kila siku kwa mtu mpya. Kwa Mlutheri, kuanguka na kuinuliwa ni mwendo wa kila siku wa Mkristo aliyebatizwa, hata kama mwaka wake haukuwa na aibu yoyote ya kuonekana. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 12, linasema wazi kwamba waliotenda dhambi baada ya Ubatizo hupata ondoleo wakati wowote wanaporudi, tena linawakataa Wanovatiani waliowafungia mlango waliorudi. Tujiulize kama katika baadhi ya sharika zetu Wanovatiani hawakurudi kimyakimya, wakaketi kwenye viti vya wazee.

6. Mipaka ya jambo hili

Yuko msomaji atakayesema kwamba mafundisho haya yanaweza kutumiwa vibaya, nasi tunakubali. Mtunza hazina aliyekula fedha za usharika anaweza kutaja habari za Marko. Mchungaji aliyemdhulumu binti wa kwaya anaweza kutaja Ubatizo wake. Kwa hiyo ni lazima kutofautisha mambo mawili.

Msamaha wa dhambi hutolewa bure, mara moja, kwa kila atubuye, wala hakuna kipimo kinachowekwa mbele yake. Kurudishwa katika utumishi ni jambo jingine. Utumishi si mali ya mtumishi. Umewekwa kwa ajili ya kundi. Swali la kurudishwa si kama amesamehewa, bali ni kama kundi litakuwa salama mikononi mwake. Zakayo hakungoja kuombwa, alisema atarudisha mara nne (Lk. 19:8). Pale ambapo mtu ameumizwa, Kanisa halina budi kumsikiliza kwanza aliyeumizwa, na sheria za nchi zifuate njia yake. Yako makosa ambayo baada yake mtu hukaribishwa mezani kwa Bwana kwa furaha, lakini hapewi tena ufunguo wa ofisi wala uangalizi wa vijana. Huko si kukosa huruma.

Lakini hata hapo neno la mwisho si adhabu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yule aliyekwisha kuadhibiwa na wengi asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi (2 Kor. 2:6-7). Mtume alijua kwamba huzuni inaweza kumeza mtu. Nidhamu ya Kanisa isiyo na siku ya mwisho si nidhamu tena.

7. Kutengeneza nyavu

Katika Wagalatia 6:1 Paulo anaagiza kwamba mtu akighafilika katika kosa, walio wa Roho wamrejeze kwa upole. Neno la Kiyunani ni "katartizō". Ndilo hilohilo linalotumiwa katika Marko 1:19, pale wana wa Zebedayo walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Aliyewahi kukaa na wavuvi ufukoni anajua kazi hiyo. Wavu uliochanika hautupwi. Hutandazwa, hutafutwa tundu, kisha fundo hufungwa moja baada ya jingine, kwa mkono, kwa saa nyingi, wala hapana njia ya mkato. Tena wavu hauwezi kujitengeneza.

Kazi hii ina sura gani kwetu? Tunataja mambo manne.

Kwanza, katika vyuo vyetu mwanafunzi aliyeshindwa asiachwe na karatasi ya matokeo ubaoni kama ndiyo neno pekee aliloambiwa. Mwalimu wake amwite siku ileile, aketi naye, waangalie pamoja somo la mwisho alilolielewa. Huko ndiko Kipro yake.

Pili, mchungaji anayehamishwa baada ya kushindwa asitumwe peke yake. Mkuu wa jimbo ampe mwenzake mzee mmoja, asiye na mamlaka ya kumwadhibu wala ya kumpandisha cheo, atakayemtembelea kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Barnaba hakumwandikia Marko barua ya mapendekezo, alisafiri naye.

Tatu, kila mchungaji awe na mchungaji. Maungamo ya siri hayakuondolewa na Matengenezo. Yaliachwa huru yasiwe ya kulazimishwa, na kwa sababu hiyo sisi tumeyasahau. Anayesikiliza maungamo ya wengine miaka ishirini bila yeye mwenyewe kuungama kwa mtu yeyote anajikaushia kisima.

Nne, tuliowahi kumkataa mtu tuwe na ujasiri wa Paulo wa kubadili neno letu hadharani. Tukisema nyuma ya mlango kwamba fulani amebadilika, haitoshi. Sifa mbaya ilisambaa kwa maandishi na kwa vikao. Basi neno la kumpokea nalo liandikwe na kusomwa. "Mkaribisheni" ni neno fupi, lakini kwa Marko lilifungua milango ya kanisa zima.

8. Hitimisho

Wahunzi wana methali yao: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo ni kweli kwa sababu yuko mhunzi. Koleo lililovunjika halijiungi. Huwekwa tena motoni na yule anayelihitaji. Kwa Mkristo, mwenye kazi ni Mungu, ambaye alimfufua Mwanawe aliyekuwa ameshindwa machoni pa watu wote, amekufa msalabani nje ya mji, wanafunzi wakiwa wamekimbia. Tangu asubuhi ile ya Pasaka hatuwezi tena kusema juu ya mtumishi yeyote kwamba habari zake zimekwisha.

Kwa hiyo tuwaombe wasomaji wetu jambo moja dogo kabla ya kuiweka makala hii kando. Katika jimbo lako yuko mtu ambaye jina lake husemwa kwa sauti ya chini. Huenda yuko mbali, huenda ameacha kabisa kuja mikutanoni. Usimngoje ainuke ndipo umtembelee. Barnaba alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, na huko Antiokia alimchukua Marko kabla hajathibitisha lolote. Mtafute, ukakae naye, ukamwambie kwa jina la Kristo neno ambalo hawezi kujiambia mwenyewe.